Nimempa jina lisilo langu kwa sababu langu halitoki mdomoni

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni mwanaume wa miaka 31, naishi Tandika. Ni fundi simu, nina meza Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Nabadilisha vioo, narekebisha mifumo ya chaji, nafufua simu zilizoingia maji. Kazi naijua na wateja hawakosekani, kwa hiyo sikuandikii kuhusu hela. Nakuandikia kuhusu ulimi. Nina kigugumizi tangu utotoni, na sasa kinataka kunikosesha mtu ninayempenda.

Watu wakisikia kigugumizi wanafikiria kile cha kwenye vichekesho, mtu anarudiarudia silabi, anamalizia, watu wanacheka. Changu kinakwama. Neno linafika mdomoni linaganda, shingo inakaza, macho yanajifumba yenyewe na sauti haitoki. Herufi zinazonitesa zaidi ni B, M, K na Sh, na jina langu mwenyewe linaanza na B. Maneno nimejifunza kuyakwepa. Badala ya "kesho" nasema "siku inayofuata", badala ya "baba" nasema "huyo mzee". Wengine wanadhani najifanya msomi.

Kwenye daladala ndiyo usiseme. Wenzangu wanasema "shusha" wanashuka. Mimi Sh inaniganda, gari linapita kituo, na nikishapitilizwa narudi kwa miguu. Siku hizi nagonga bati na sarafu ya mia mbili. Kuna konda aliniuliza mbele za watu, "Oya braza, gia imegoma kuingia?" Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Cha ajabu, madrasa nilikuwa nasoma Kurani pamoja na wenzangu bila kukwama hata herufi moja, na kasida naimba mpaka leo. Ustadhi alikuwa ananiambia, "Unaona? Ukitaka unaweza." Kana kwamba siku nyingine huwa sitaki.

Mwaka jana alikuja dada mmoja mezani kwangu, simu yake imepasuka kioo. Ni mwalimu wa chekechea, anaishi Kigamboni. Nimwite Rehema, ingawa si jina lake. Bei nilimwandikia kwenye kalkuleta nikamgeuzia, ndivyo ninavyofanya na wateja wengi. Aliporudi kuchukua simu akakuta nimemsafishia na tundu la chaji ambalo hakuniambia. Akafurahi, akauliza, "Fundi unaitwa nani nikuhifadhi?" Shangazi, nilijaribu. Jina langu lilifika kwenye midomo likagoma, nyuma yake kuna wateja wanasubiri, wananitazama. Nikasema, "Ally." Likatoka kama maji. Akaandika Ally Fundi, na mpaka leo ananiita Ally.

Kwenye kuandika mimi ni mtu mwingine kabisa. Tulianza na meseji za simu yake, tukahamia mambo ya kazini kwake, ya nyumbani kwao, tukafika mbali. Ujumbe wa sauti nikimtumia ujue nimeurekodi na kuufuta hadi mkono umechoka. Kuna mtoto darasani kwake ana kigugumizi na wenzake wanamwigiza. Aliniuliza amsaidieje, nikamwandikia maelezo marefu: usimmalizie neno, usimwambie aanze upya, usimpe zamu ya mwisho kila siku maana atakaa darasa zima akiiogopa. Alishukuru sana, akauliza nimejuaje. Nikasema nilisoma mahali.

Tumeshatoka pamoja. Coco Beach nilitamani mihogo, M ikanikatalia, nikaagiza chipsi, nikazila huku nanusa mihogo ya meza ya jirani. Kwenye pantoni angalau naongea, mngurumo wa injini unanisaidia. Pengine popote nacheka, natikisa kichwa, nasema maneno mafupi ninayoyaamini. Yeye anajua mimi ni mpole. Aliniambia, "Nakupenda kwa sababu hujisifu kama wanaume wengine wa mjini." Nilifurahi, na usiku sikulala.

Shida ni simu. Akipiga sipokei, namwandikia "nipo na mteja", saa nne usiku! Mwezi uliopita alinitumia hela ninunue kioo cha simu ya mama yake, likatokea jina langu kamili lililosajiliwa kwenye laini. Akauliza, huyu ni nani? Nikaandika kwamba laini ni ya kaka yangu. Wiki hii ameniandikia hivi: "Kama huna mke, nipigie. Usiniandikie, nipigie nikusikie. Kama unaye, tuachane kwa heri." Sijampigia. Tiki zimeshakuwa za bluu, anajua nimesoma.

Sina mke, Shangazi. Niliyekuwa naye kabla ya huyu aliniambia wazi kwamba ananipenda lakini hawezi kunipeleka kwao, ataanzia wapi. Sitaki kuyasikia tena hayo.

Rafiki yangu wa meza ya pili, ambaye hunisaidia kuongea na mwenye nyumba, amesema nimpe simu aongee na Rehema dakika mbili kama mimi, eti kwenye simu sauti zote zinafanana. Mtu mwingine amenielekeza Mbagala kwa mzee anayekata kinyama cha chini ya ulimi, anasema nikikatwa nitaongea. Na hata Rehema akinikubali, kuna siku ya akdi. Mimi ni Muislamu, natakiwa nijibu mbele ya shehe na ukoo mzima, kipaza sauti mdomoni. Nikiiwaza hiyo siku jasho linanitoka.

Nisubiri nipone kwanza ndipo nimtafute? Au nimwache apate mtu anayeweza kuongea?

Ulimi Mzito, Tandika


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, mwandikie huyo binti leo. Hata hapa usimalize kusoma. Mwandikie: "Sina mke. Kuna jambo langu nimekuficha na ndilo linalonizuia kupokea simu. Nataka nikwambie uso kwa uso, Jumamosi, popote utakapo." Tuma, halafu urudi tuongee.

Umetuma? Haya.

Jiweke kwenye viatu vya Rehema. Mwanaume hapokei simu usiku. Saa nne anadai yupo na mteja, wakati maduka ya Aggrey yameshateremsha mageti. Mkikutana anaongea kwa kubana. Halafu hela inatumwa, jina linatokea la mtu mwingine, na anaambiwa laini ni ya kaka. Mwanangu, uongo huo ulikuwa na nguvu zamani, enzi za kununua laini barabarani na kuisajili kwa jina la yeyote. Mwaka 2020, tangu mwezi wa kwanza, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Mwalimu anayeita majina ya rejista kila asubuhi hawezi kushindwa kuliona hilo. Mjini hapa ushahidi wa namna hiyo una tafsiri moja tu, na mashoga zake walishampa zamani.

Kwa hiyo tuelewane hapa, maana ndipo ulipopotea. Unaogopa Rehema atamwacha mwanaume mwenye kigugumizi. Mwanaume huyo hajawahi kukutana naye. Anayekaribia kumwacha ni mume wa mtu anayeitwa Ally, na huyo Ally umemtengeneza wewe. Unataka kulinda penzi kwa kitu kilekile kinacholiua.

Wewe ni fundi, nikusemeshe kifundi. Mteja anakuletea simu, anaapa haijaingia maji. Unabadilisha betri, unapima chaji, unahangaika nusu siku, ukiifungua unakuta kutu. Hasira uliyo nayo siku hiyo haitokani na maji, kwa sababu simu za maji unazitengeneza kila siku. Inatokana na kuapiwa. Rehema naye atakuwa na hasira ya jina na ya laini ya kaka, na ana haki nayo. Usiichukue hasira hiyo ukasema, "Unaona, amenichukia kwa sababu ya ulimi." Hayo ni mambo mawili. Kigugumizi hakijamkosea mtu yeyote, hakiombewi msamaha. Jina la uongo limemkosea, hilo liombee msamaha.

Sasa kuhusu hicho kigugumizi chenyewe, maana inaonekana umeishi nacho miaka yote hiyo bila mtu kukueleza ni nini. Hakiletwi na woga, wala na kutekenywa utotoni, na hukurogwa. Ni namna ubongo unavyopanga na kuendesha usemi, na mara nyingi kinatembea kwenye ukoo. Waulize wazee wako, hutakosa mjomba au babu aliyekuwa "mtu wa maneno machache". Huanza mtoto akiwa bado anajifunza kuunga sentensi, wengi kinawaacha wakikua, wengine kinabaki nao. Kwa makadirio ni mtu mzima mmoja katika kila 100, na wanaume ni wengi zaidi ya wanawake. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa huu wetu. Ondoa watoto, piga hesabu, utapata makumi ya maelfu. Wako wapi? Nahisi wengine wanakula chipsi wasizozipenda.

Madrasa hukuwa unakwama kwa sababu kusoma kwa pamoja na wenzako, na kuimba, humlegeza karibu kila mwenye kigugumizi. Pantoni nayo ina sababu: kelele kubwa ikimzuia mtu asijisikie sauti yake vizuri, ulimi mara nyingi unafunguka. Ustadhi wako alikosea, Mungu amsamehe, halikuwa suala la kutaka. Na ona balaa aliloliacha: mpaka leo unajihesabu mvivu wa kuongea, mtu ambaye angejitahidi zaidi angepona. Ndiyo maana unaniuliza kama usubiri upone kwanza. Mwanangu, utasubiri hadi lini? Kwa mtu mzima hakuna kidonge cha kukiondoa. Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyetawazwa baada ya kaka yake kujiuzulu mwaka 1936, alikuwa nacho. Alifundishwa miaka na miaka na Lionel Logue, mtu wa Australia, akaweza kuhutubia nchi, lakini kuhutubia kulibaki kazi nzito kwake. Sura ya mfalme huyo ilikuwa kwenye shilingi zilizotumika hapa hapa Dar enzi za babu yako. Alikuwa ameshaoa tangu 1923, kabla hajaonana na huyo mwalimu wake.

Huyo mzee wa Mbagala usimsogelee. Kinyama cha chini ya ulimi hakihusiani na kigugumizi. Mwaka 1841 huko Berlin kulikuwa na daktari mpasuaji mwenye sifa zake, Johann Dieffenbach, aliyewakata ndimi watu wenye kigugumizi akiamini atawaponya. Njia hiyo ilishatupwa siku nyingi. Unataka tuirudie mwaka huu kwa wembe wa uani? Ukikatwa utapata damu na usaha, na B yako utaikuta palepale. Anayeweza kukusaidia ni mtaalamu wa tiba ya usemi. Ni wachache nchini, sitakudanganya, ila anzia Muhimbili, kitengo cha masikio, pua na koo. Pale tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto, na watoto hao lazima wafundishwe kuongea, kwa hiyo huo ndio mlango wa kuulizia. Nenda ukijua unachokwenda kupata. Atakufundisha kulegeza mkazo wa shingo, kulitoa neno taratibu, kukwama bila kupigana. Kukwama kwenyewe kutapungua, huenda kukabaki. Na huhitaji cheti chake ili umpende mtu.

Kuhusu yule mtoto wa chekechea, barua yako niliirudia hapo nikatabasamu. Umemwambia mwalimu asimmalizie neno mtoto, asimharakishe, asimwache akae na woga wa zamu. Mtoto wa watu umempa haki ya kukwama mbele ya darasa zima. Wewe umejinyima. Wewe ukikwama unabadilisha chakula, unabadilisha baba akawa "huyo mzee", unabadilisha hadi jina ulilopewa na wazazi wako. Sikulaumu kwa hayo, wenye kigugumizi wengi jina lao wenyewe ndilo gumu kuliko yote, maana halina neno la badala. Lakini angalia gharama yake. Kila Rehema anapokuita Ally kwa mapenzi, wewe husikii kitu, kwa sababu anayeitwa si wewe. Unapendwa, na penzi lenyewe linapita pembeni yako kwenda kwa mtu ambaye hayupo.

Tena amekwisha kukuonyesha tabia yake. Mwalimu anayekaa usiku kutafuta njia ya kumsaidia mtoto wa mwenzie asichekwe si mtu wa kukukimbia kwa kukwama kwenye M. Siwezi kukuahidi, moyo wa mtu ni kichaka. Ila ungekuwa unaniuliza ni mwanamke wa aina gani umwambie jambo hili, ningekwambia mtafute kama huyo.

Basi Jumamosi. Usimpeleke kwenye pantoni, najua utataka, ule mngurumo utakuficha tena. Wala usikubali ifanyike kwa simu, hata kama yeye ndiye aliyeomba simu. Kwenye simu ukikwama anasikia kimya, atasema "haloo, haloo" na kukata akidhani mtandao, nawe utajua moyoni umehukumiwa. Kaeni mahali penye kivuli na utulivu, Bustani ya Mimea pale Posta panafaa, au fukwe za kwao Kigamboni asubuhi kabla spika hazijafunguliwa.

Sentensi yako ya kwanza iwe "Nina kigugumizi." Ya pili iwe jina lako. Lile la B. Litakwama, liache likwame. Usilikimbie kwa neno jingine, usifumbe macho ukiweza, mtazame. Kama litachukua nusu dakika, lichukue nusu dakika. Najua kwako hiyo ni milele. Kwake itakuwa muda wa kuvumilika kabisa, na katika muda huo ataona kwa macho yake kitu ambacho meseji haiwezi kumwambia. Ndiyo sababu nimekukataza kuyaandika yote, ingawa kalamu ndiyo silaha yako. Ukiyaandika, mkwamo wa kwanza mbele yake utabaki bado haujatokea, na utaendelea kuukimbia kama ulivyokwisha zoea.

Jina likishatoka mwambie akusikilizeje, kama ulivyomwelekeza kuhusu mtoto. Asikumalizie. Asikwambie "tulia, vuta pumzi", hilo neno limewaudhi wenye kigugumizi tangu dunia iumbwe. Asitazame pembeni kwa kukuonea haya. Halafu umweleze la laini, la chipsi, la simu za usiku. Nadhani la chipsi litamchekesha, na mkicheka hapo wote wawili, huko hakufanani na kule kwa konda.

Akikasirika mwache akasirike. Akiuliza tena kuhusu mke, usiape. Toa kitambulisho chako cha NIDA aone jina, kisha mwambie siku anayotaka aje Tandika akae na mama yako na dada zako. Wanawake wa mjini tunaamini sebule kuliko viapo. Na akisema anahitaji muda, mpe, usimjaze meseji ndefu. Kalamu yako nzuri mno, utamlainisha kabla hajaamua mwenyewe.

Inawezekana akasema hapana. Yule wa kwanza alisema hawezi kukupeleka kwao, na wewe ukaibeba kauli ile kama hukumu ya mahakama. Ilikuwa aibu yake mbele ya kwao, akakuachia wewe uibebe. Wapo watu wa hivyo na watakuwepo. Lakini Rehema akikataa, atakuwa amekukataa wewe, kwa jina lako, na utajua ni kwa nini. Sasa hivi uko njiani kuachwa kwa sababu ya mke usiye naye.

Rafiki yako wa meza ya pili ana moyo mzuri na ushauri mbovu. Kuongea na mwenye nyumba aendelee ukipenda. Kwa Rehema hapana. Wewe umesoma madrasa, unajua Nabii Musa aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na akaomba nduguye Harun awe msaidizi. Harun alisimama na Musa, hakujifanya Musa. Akitaka kukusaidia kweli, asimame na wewe kariakoo huko: mteja akianza kucheka, yeye amwambie, "Msubiri fundi amalize." Na mezani bandika karatasi, mnabandika bei na matangazo ya kila aina hapo, bandika na hilo: FUNDI ANA KIGUGUMIZI, TAFADHALI MSUBIRI AMALIZE. Utashangaa shingo itakavyolegea ukijua aliyesimama mbele yako ameshajua. Kuficha kunakaza kuliko kukwama kwenyewe.

Limebaki la akdi, na hilo ndilo jepesi kuliko yote uliyoniandikia. Mimi si shehe, utamuuliza wa kwako. Ila ninavyofahamu, hata bubu anaoa, ishara yake inayoeleweka inatosha, na anayetaka kuweka wakili wa kumkubalia ndoa anaruhusiwa. Kwa hiyo dini haikukufungia mlango. Lakini usikimbilie wakili. Mara nyingi shehe hutamka maneno kidogokidogo na bwana harusi akayafuata. Mwombe myatamke pamoja, kwa sauti mbili, kama mlivyokuwa mkisoma madrasa. Umeniambia mwenyewe huko hukuwahi kukwama. Na ukikwama, akdi haina saa ya kupimia. Mashahidi watasubiri, walii atasubiri. Mwendee shehe wiki kadhaa kabla umweleze, kwa sababu mashehe wetu wengine siku ya harusi huwa na haraka ya pilau, na hutaki akuharakishe na kipaza sauti mkononi.

Lakini hiyo ni habari ya mbele, mahari haijatajwa wala mshenga hajapatikana. Angalia simu yako kwanza. Umemtumia meseji saa ile uliyoanza kusoma jibu langu, huenda ameshajibu.